Sikio ndilo Mizani: Maneno ya Sericho Hupimwaje?

Mswahili akitamka barabara, mwenziwe humfahamu kwa sikio wala si kwa herufi. Akikaza sauti kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari. Akiikaza kwenye ya pili, ni jambo lililo sawasawa. Karatasini yote mawili ni mamoja. Kadhalika mzaliwa wa Mvita hachanganyi paa la nyumba na paa wa porini, kwani p ya huyu wa porini hutoka na pumzi.

Je, maneno mawili yakifanana, hufanana kiasi gani? Mwaka 1965 Mrusi mmoja, Vladimir Levenshtein, alieleza hesabu yake: tazama ni herufi ngapi za kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa hata neno moja ligeuke jingine. Baina ya kuku na kaka ni hatua mbili. Baina ya barabara na barabara ni sifuri, na hapo ndipo hesabu inapokwama.

Wachina wa Hong Kong hukwama zaidi. Katika Kikantoni silabi si ina toni sita, na kwa kupanda na kushuka kwa sauti huwa shairi, historia, kujaribu, wakati, soko au jambo. Mwaka 1930 mwanazuoni Chao Yuen Ren aligawa kimo cha sauti katika ngazi 5. Kwa ngazi hizo si ya kujaribu husimama kwenye 3, na ya jambo kwenye 2: ni majirani. Ya shairi iko juu kabisa kwenye 5. Basi twaweza kusema ipi iko karibu na ipi iko mbali.

Lakini hatuna haja ya safari ya Uchina. Twende Sericho, kaunti ya Isiolo, upande wa mto Ewaso Nyiro. Wenyeji ni Waborana, Waislamu wenzetu, na majirani zao ni Wasomali. Kwa Kisomali, inan ikipandishwa sauti mwanzoni ni mvulana. Ikipandishwa mwishoni ni msichana. Hati ya Kilatini iliyochaguliwa mwaka 1972 haionyeshi tofauti hiyo.

Kiborana ni tawi la Kioromo, ndugu wa lugha ya Waorma wa Mto Tana. Humo urefu wa irabu ndio mwamuzi: lafa ni ardhi, laafaa ni laini, lafee ni mfupa. Sasa chukua Soundex, njia ya kutafuta majina iliyosajiliwa Marekani mwaka 1918, ambayo huhifadhi herufi ya kwanza na kutupa irabu zinazofuata. Kwayo ardhi, laini na mfupa ni kitu kimoja!

Si mchezo huu. Mtoto aliyezaliwa mchana huitwa Guyo, na karani mwingine huandika Guyyo. Mashine inayodai herufi zilingane itamgeuza mtu mmoja kuwa wawili, naye atahangaika na cheti cha kuzaliwa mkono huu na kitambulisho mkono ule. Mashine isiyojali urefu wa sauti nayo itawafanya watu wawili kuwa mmoja. Zote mbili hudhulumu.

Dawa yake watoto wa chuoni waijua. Mwalimu hufundisha kuwa qalb ni moyo na kalb ni mbwa. Makhraji ya qafu na kafu yamekaribiana nyuma ya ulimi, ila maana zimeachana mbali. Kila tofauti ina uzito wake: ya irabu, ya toni, ya pumzi. Kwa Mborana urefu wa irabu ni mzito. Kwa Mswahili wa leo ni mkazo. Kwa Mkantoni ni toni. Mizani moja haitoshi lugha zote.

Basi wanaotengeneza mashine za kusoma na kusikiliza majina yetu na wawakalishe wazee wa Sericho, wawasomee maneno mawili mawili, kisha wawaulize: haya ni mamoja au ni mbali mbali? Jawabu la wazee ndilo liwe jiwe la mizani, na hesabu ifuate nyuma.