Vitunguu maua: Piga hesabu kabla ya kuagiza

MKULIMA wa Mang'ola au Ruaha Mbuyuni anakijua kitunguu kwa gunia. Lakini kitunguu kina ndugu zake wasiopelekwa jikoni, wanaopandwa kwa ajili ya maua tu. Ua ni la duara kama mpira, la zambarau au jeupe, juu ya shina refu lisilo na majani. Aina ya Allium giganteum, yenye asili ya Asia ya Kati, hufikia mita moja na nusu.

Nchini Uholanzi hupandwa kati ya Septemba na Novemba, na kuchanua Mei na Juni. Ua hudumu kwenye chombo, na hata likikauka bado ni pambo. Mwenye bustani Arusha au Njombe akiliona, ni rahisi kujiuliza: kwa nini nisilime na kuuza?

Kikwazo ni baridi. Kule Ulaya vitunguu hivi hukaa ardhini majira yote ya baridi. Bila wiki nyingi za baridi ya namna hiyo, havichanui vizuri au havichanui kabisa. Baridi ya Arusha ya mwezi Julai haitoshi.

Njia iliyopo ni kuviweka kwenye jokofu kwa wiki kumi hivi, katika nyuzi 4 hadi 9 za Selsiasi, mbali na matunda yanayoiva, kwani hewa yake huharibu ua likiwa bado changa ndani. Kisha vipandwe penye jua na udongo usiotuamisha maji, kina kikiwa mara tatu ya urefu wa kitunguu.

Sasa tuje kwenye fedha. Tuseme, kwa mfano tu, kitunguu kimoja kinakugharimu Sh5,000 pamoja na usafiri, kibali, umeme na kibarua. Ukipanda 100 na 30 visichanue, mashina 70 yatabeba Sh500,000. Kila shina limekula zaidi ya Sh7,000 kabla hujapata faida hata senti moja.

Tofauti na mwaridi, ambao ukikatwa huchipua tena, hapa kwa kawaida kitunguu kimoja ni shina moja kwa msimu. Msimu ujao utahitaji tena baridi.

Hatari kubwa zaidi ni ya jirani yako. Vitunguu maua vinaweza kubeba kuvu wa uozo mweupe, anayeshambulia pia vitunguu vya kula na vitunguu saumu. Akishaingia shambani, anaweza kukaa udongoni miaka 20. Kwa hiyo usiingize mbegu kwa mkoba wa safari. Pata kibali na cheti cha afya ya mimea, na usipande karibu na mashamba ya vitunguu.

Ushauri wangu: ukitaka pambo la nyumbani, jaribu vitunguu kumi. Ukitaka biashara, mtafute kwanza mnunuzi, kisha uangalie agapanthus kutoka kusini mwa Afrika. Nalo hutoa kichwa cha maua cha duara, halidai jokofu, na shina lake la chini hugawanywa ukapata miche mipya bila kununua.