Bima Yetu Inakujua?

Paukwa! Pakawa.

Palikuwa na msichana huko Nkubu, Meru, aliyetimiza miaka 18. Baba yake akamkubalia ajifunze udereva kwa gari la nyumbani. Leseni ya mwanagenzi anayo, vibao vya L vimefungwa mbele na nyuma. Akaketi, akafunga mkanda, akashika ufunguo.

"Ngoja kwanza, mwanangu," baba akasema. "Bima yetu inakujua?"

Sikilizeni kwa nini aliuliza. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inakataza gari kuwa barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Huyo ni mtu asiyehusika na mkataba wa mwenye gari na kampuni ya bima: mama anayevuka na ndizi zake, au abiria wa bodaboda. Dereva akimuumiza kwa kosa lake, kampuni humlipa fidia isiyozidi shilingi milioni 3. Gari la baba, hata likipondeka, bima hiyo hailigusi. Kulitengeneza ni kazi ya bima kamili, nayo ni ghali zaidi.

Hata hiyo bima kamili ina masharti. Kampuni nyingi humtaka mwenye gari atoe fungu kubwa zaidi la hasara mfukoni mwake ikiwa dereva ni kijana au leseni yake ni changa. Na mwanagenzi akiendesha bila leseni yake, au bila dereva mwenye leseni kando yake, kampuni yaweza kukataa kulipia gari. Hata ikimlipa majeruhi, yaweza kumgeukia baba imdai fedha hizo. Shamba la majani chai laweza kuuzwa kwa deni kama hilo.

Na barabara yao haina mzaha. Ukitoka Nkubu kwenda Embu, utateremka mpaka Daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo, watu zaidi ya 30 wakafa. Bima hulipa fedha, uhai haiurudishi.

Basi baba akampigia simu wakala wa bima, akamweleza ni nani atakayeendesha, akaomba jibu kwa maandishi. Binti akasubiri. Jibu la kukubali lilipofika, wakaanzia uwanja mtupu, mwendo wa pole.

Nanyi siku yenu ikifika, ulizeni swali la baba kabla ya kuwasha gari. Mwenye usukani amebeba dhamana ya watu asiowajua hata kwa jina.