Bingwa Naye Ana Tajiri

Vijana wanaoleta pikipiki gereji kwangu hunionyesha kwenye simu mbio za motokrosi za Marekani, kisha wanauliza: fundi, huyu bingwa analalamikia pikipiki kila wiki, mbona haibadilishi? Nawaambia huyo ni sawa na dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu. Anaiendesha kutwa na anaijua kuliko mtu yeyote, lakini akitaka kubadili hata ekzosi, ampigie tajiri kwanza.

Tajiri hapa ni kiwanda: Honda, Yamaha, Kawasaki, Suzuki, KTM. Hadi 1985 viwanda vya Japani vilipeleka Marekani pikipiki zilizoundwa kwa mkono, ambazo vipuri vyake huvipati duka lolote. Msimu ukiisha, nyingi zilirudishwa kwao au zilisagwa ili siri isivuje. Mwaka 1986 chama cha mbio cha huko, AMA, kikaweka sheria: fremu na mwili wa injini vitoke kwenye toleo ambalo raia anaweza kulinunua. Kwenye shokamzoba, ekzosi na hendeli, timu ijisaidie.

Ugomvi wa bingwa na tajiri wake ukahamia kwenye fremu. Jeremy McGrath aliipa Honda mataji manne mfululizo ya supakrosi, motokrosi inayofanyika ndani ya viwanja vikubwa vya michezo, kuanzia 1993 hadi 1996. Mwaka huo wa mwisho alishinda mara 13 bila kukatizwa. Waliokimbilia Honda CR250R ya 1996 wakidhani wananunua ya McGrath hawakujua kwamba chini ya plastiki mpya za pikipiki ya bingwa palikuwa na fremu ya toleo la 1993. Sheria haikuvunjwa, kwa kuwa ile ya 1993 nayo iliuzwa dukani. Yeye alipenda tu inavyokata kona, na mimi namwelewa kabisa.

Kisha Honda wakatoa fremu ya alumini kwa toleo la 1997. Ya chuma hunepa kidogo pikipiki inapotua. Ile ya alumini ya mwanzo ilikuwa ngumu, mshindo unapanda mpaka viganjani. Na hii haifichiki. Mihimili yake miwili minene inang'aa ubavuni, hata aliyekaa jukwaa la juu anaiona. Bingwa akionekana amepanda ya zamani, hiyo mpya atauziwa nani? McGrath hakuipenda, mkataba nao haukuafikiwa, akafunga virago na kwenda Suzuki msimu ukiwa mlangoni. Taji likaenda kwa Jeff Emig wa Kawasaki. Mwaka 1998 McGrath akahamia Yamaha, kwenye timu iliyobeba jina la Chaparral, duka la pikipiki la California, akatwaa mataji mengine matatu.

Mafundi wa siku hizi hucheza humo humo ndani ya sheria. Fremu haiguswi, ila braketi zinazoshika injini huchongwa nyembamba zaidi, au za alumini hutolewa zikawekwa za titani. Bolti zake wakati mwingine hukazwa pungufu makusudi. Fremu inapata kunepa, na ukiitazama huoni kilichobadilika. Hata hivyo, fundi unayemwona kando ya njia akimwinulia mpanda pikipiki ubao wa ujumbe, mara nyingi injini ile hajaifungua. Wameijenga wengine karakana, yeye amepokea na kuifunga tu. Kazi hiyo mimi ingenishinda mwezi wa kwanza.

Sheria ya 1986 naiunga mkono, ingawa viwanda vimejua kuizunguka. KTM walipotaka mpanda pikipiki wao Ryan Dungey apande pikipiki mpya ya cc 450 mwaka 2012, waliunda kiasi kidogo cha pikipiki hizo, wakaziita Factory Edition na kuziuza, ili zihesabike kuwa toleo la dukani. Mwaka huo huo Dungey akawapa ubingwa wao wa kwanza wa motokrosi ya Marekani katika daraja la 450. Matoleo ya aina hiyo bado yanatoka. Mnunuzi hulipa zaidi ya bei ya ile ya kawaida, na shokamzoba za timu bado hapewi.