Je, Wajua? Oscar kwa Programu Iliyokwisha Kuzikwa

Je, wajua kwamba filamu ya Kikorea ya Parasite, iliyonyakua Oscar nne Februari 2020 ikiwamo ile ya filamu bora, ilihaririwa kwa programu ambayo watengenezaji wake walikuwa wameitupa mkono tangu 2011? Mhariri Yang Jin-mo aliikata kwa Final Cut Pro 7 ya Apple, na uhariri wake nao ukateuliwa kuwania tuzo. Mtu wa pembeni atadhani huo ni ubahili, au ukaidi wa mtu asiyependa mambo mapya. Wenye kazi yao hawakushangaa. Wahariri wa filamu wana mwiko unaojulikana karibu kila chumba cha uhariri duniani: kazi ikishaanza, programu haisasishwi hadi filamu ikabidhiwe.

Mwiko huo ulipata ushahidi wake mkubwa Juni 21, 2011. Siku hiyo Apple ilitoa Final Cut Pro X kwa dola 299.99, ikaacha kuuza toleo la 7. Final Cut Pro ya zamani ilikuwa imekwisha kujijengea jina Hollywood. Walter Murch aliitumia kuhariri Cold Mountain (2003) akateuliwa kuwania Oscar, na wahariri wa The Social Network (2010) waliitumia wakaipata Oscar yenyewe. Toleo jipya liliandikwa upya kuanzia msingi, na sababu ilikuwepo: la zamani lilikuwa la biti 32, kwa hiyo halikuweza kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu hata kama kompyuta ilikuwa nazo tele. Kasi iliongezeka kweli. Ila miradi ya toleo la 7 haikufunguka ndani yake. Hakukuwa na njia ya kuhariri picha za kamera kadhaa kwa pamoja, wala ya kumpelekea fundi sauti kazi katika faili analolizoea.

Kilichofuata kilikuwa vurugu. Maelfu ya watu walitia saini ombi la kutaka programu ya zamani irudishwe, baadhi wakarudishiwa fedha zao, na wahariri wa kipindi cha Conan O'Brien wakatengeneza kichekesho cha kuikejeli kikarushwa kwenye televisheni. Uwezo wa kuhariri kamera nyingi ulirejea Januari 2012, wakati huo wengi walishahamia Premiere Pro ya Adobe au Media Composer ya Avid. The Girl with the Dragon Tattoo ya David Fincher ilipata Oscar ya uhariri mwaka huohuo wa 2012 kwa Final Cut Pro ya zamani, lakini alipofika kwenye Gone Girl (2014) mwongozaji huyo alikuwa upande wa Premiere. Kwa maoni yangu Apple haikukosea kuandika programu upya. Ilikosea kuiondoa ya zamani sokoni siku ileile.

Lakini kwa nini sasisho moja lisumbue watu wengi hivyo? Kwa sababu filamu haimalizikii kwenye kompyuta moja. Mhariri akishafunga picha, kazi hutawanyika: sauti kwa fundi sauti, rangi kwa fundi rangi, milipuko na majini kwa watu wa madoido. Kila mmoja ana programu yake na toleo lake, na wote wanategemea faili la mhariri lifunguke kwao bila fremu hata moja kuhama. Mhariri akipanda toleo peke yake usiku wa manane, asubuhi msaidizi wake hafungui kitu.

Na hapo kuna jambo ambalo hata wahariri wengi hawalijui. Mradi wa Premiere ukihifadhiwa kwa toleo jipya, toleo la zamani huukataa. Hata hivyo, faili lenyewe la mradi ni maandishi tu yaliyobanwa. Ukiliondolea mbano huo na kulifungua kama maandishi ya kawaida, ndani utakuta namba ya toleo. Ipunguze, hifadhi, na mara nyingi programu ya zamani italipokea. Madoido yaliyozaliwa katika toleo jipya yatapotea njiani, kwa hiyo fanya hivyo kwenye nakala tu.

Je, wajua kwamba mwaka 2019 vyumba vya uhariri vya Hollywood vilikwama kwa kosa la kivinjari cha intaneti? Jumatatu ya Septemba 23, kompyuta za Mac Pro zilianza kugoma kuwaka zikizimwa. Kwa kuwa nyingi zilikuwa na programu za Avid, lawama ziliiangukia Avid, na wengine wakanong'ona kuhusu virusi. Watu waliambiana wasizime mashine hata iweje. Baadaye ikabainika kuwa chanzo ni sasisho la Google Chrome lililojisakinisha kimyakimya na kuharibu mpangilio wa faili za mfumo, kwenye kompyuta zile tu ambazo kinga ya mfumo ilikuwa imezimwa. Na wahariri ndio walioizima kinga hiyo kuliko watu wengine wengi, ili kompyuta zikubali kadi za picha za kampuni nyingine. Mtu aliyekataa kusasisha programu yake ya kazi kwa miezi mingi aliangushwa na programu ya kusomea habari.

Mwezi uliofuata Apple ikatoa macOS Catalina, mfumo ambao hauendeshi tena programu za biti 32. Kwa hiyo anayetaka kubaki na Final Cut Pro 7 lazima atunze kompyuta nzima isiyosasishwa.

Programu za uhariri zinazokimbilia matoleo mapya bado hubeba vitu vya kale. Orodha ya mikato inayoitwa EDL, ya mtindo wa CMX 3600, ilibuniwa enzi za kuhariri kwa kanda za video. Ni mistari mitupu ya maandishi: picha hii inaanzia hapa, inaishia pale. Programu za leo bado huiandika, na pale faili za kisasa zinapogombana, fundi rangi huomba hiyo hiyo.

Lakini si kila sasisho ni balaa. Mashine za rangi za kampuni ya da Vinci zilikuwa zikiuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Blackmagic Design ya Australia ikainunua kampuni hiyo mwaka 2009, mwaka uliofuata ikaiuza programu yake ya rangi, Resolve, kwa dola 995, kisha ikatoa na ya bure. Toleo la 14 (2017) liliingiza studio ya sauti, la 15 (2018) likaingiza madoido. Kwa kijana asiye na studio, sasisho hizo zimefanya kazi kubwa kuliko misaada mingi ninayoisikia ikitangazwa.

Sasisho la Premiere la 2023 lilileta kuhariri kwa maandishi: programu husikiliza mazungumzo, huyaandika, nawe ukifuta sentensi, picha yake nayo inakatika. Ni nafuu kubwa kwa mtengeneza filamu za makala. Kiswahili hakikuwamo katika lugha ilizoanza nazo.

Nawe msomaji, kama una filamu mezani sasa hivi, zima masasisho yanayojiendesha yenyewe, ya kivinjari yakiwamo. Weka nakala ya mradi kwenye diski nyingine. Na kabla ya kupanda toleo, wapigie simu fundi sauti na fundi rangi uwaulize wao wako kwenye lipi.