Mkate kwanza, maswali baadaye

Eliya tunayemhubiri zaidi ni yule wa Karmeli. Moto unashuka, manabii 450 wa Baali wanaaibika, mvua inanyesha baada ya ukame mrefu, naye nabii anajifunga viuno na kukimbia mbele ya mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Hiyo ni sura ya 18 ya Wafalme wa Kwanza. Sura ya 19 tunaisoma mbiombio, tukiwahi ile sauti ya utulivu kule Horebu. Mimi naomba leo tusiwahi. Tukae kwanza chini ya mti wa mretemu, maana katika kazi yangu ya ushauri wa kichungaji watu wengi ninaokutana nao wamekaa hapo hapo.

Yezebeli, mke wa Ahabu, alituma ujumbe mmoja tu wa vitisho. Mtu aliyewakabili watu wa nchi nzima akaogopa, akakimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu. Ndipo akamwomba Mungu amtoe uhai, akisema yeye si bora kuliko baba zake. Uchovu ulianza, hofu ikafuata, kisha akajitenga na mtu wa pekee aliyekuwa naye, na mwisho akajiona hafai. Mama anayeuguza mzazi kwa miezi huku akiongoza kwaya hupita njia hiyo hiyo. Kijana aliyefutwa kazi naye huipita: halali vizuri, hapokei simu, anaacha kuja jumuiya, halafu siku moja anasema hana maana duniani. Sisi husikia lile neno la mwisho tu, tukashtuka, tukaanza kumfundisha imani.

Mungu alimfanyia nini Eliya? Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa na kumwambia ainuke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kingine, kwa sababu safari ilikuwa imemzidi nguvu. Hakukemewa. Hakuulizwa imani ya Karmeli imeenda wapi. Swali lilikuja baada ya siku arobaini za mwendo, pangoni Horebu, alipoulizwa anafanya nini pale. Eliya akamwaga moyo wake. Ukapita upepo mkali, tetemeko na moto, akaulizwa swali lile lile, naye akajibu kwa maneno yale yale. Hakuwa amebadilika hata kidogo! Mungu akamsikiliza mara zote mbili.

Nalirudia hili kila ninapofundisha wazee wa kanisa, kwa sababu tunachoka haraka na mtu anayesimulia uchungu ule ule wiki baada ya wiki. Tunadhani hataki kupona, kumbe bado anatafuta mahali pa kuuweka.

Ni kweli Eliya alikosea jambo moja. Alisema amebaki peke yake, na Mungu akamsahihisha: walikuwako 7,000 katika Israeli wasiompigia Baali magoti. Lakini tazama lini aliambiwa hivyo. Aliambiwa mwisho kabisa, akiwa amekula, amelala, amesikilizwa na kupewa kazi ya kurudi kuifanya. Maneno yale yale, kama angeambiwa chini ya mretemu, yangemwangukia kama jiwe.

Katika msiba, watu wetu wanaujua mpangilio huu bila kufundishwa. Majirani huja na sufuria, unga na kuni. Mikeka hutandikwa, akina mama hulala na mfiwa, wanaume hukesha nje, na wengi wao hawana la kusema zaidi ya pole. Ndivyo walivyofanya marafiki wa Ayubu siku saba za kwanza, walipoketi naye chini wakiwa kimya. Walipoanza kueleza kwa nini ameteseka ndipo walipoharibu, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakemea wao, si Ayubu aliyelalamika.

Shida yetu iko kwenye huzuni zisizo na matanga. Ndoa iliyovunjika haina mikeka. Mimba iliyoharibika huzungumzwa kwa kunong'ona. Biashara iliyofilisika, mtoto aliyezama kwenye ulevi, sonona isiyo na sababu ya wazi: kwa hayo hatupiki, tunatoa ushauri. Na mwenye huzuni, akiulizwa hali yake baada ya ibada, hujibu kwamba anamshukuru Mungu, kwa sababu ameshajifunza kwamba jibu lingine lolote litamletea mahubiri.

Kuna usemi mmoja ambao ningependa tuuache: kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Wengi huutegemeza kwa 1 Wakorintho 10:13, lakini pale Paulo anazungumzia majaribu ya kutenda dhambi. Anapozungumzia mateso, katika 2 Wakorintho 1:8, anakiri kwamba kule Asia walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Mtume mwenyewe alibebeshwa asichokiweza. Mfiwa akiambiwa usemi ule, husikia kwamba kulemewa kwake ni aibu.

Karibu theluthi moja ya Zaburi 150 ni za maombolezo. Nyingi huishia kwenye tumaini, lakini ya 88 inaishia gizani, bila neno la shukrani, na bado imewekwa kwenye kitabu cha sala. Ibada zetu zimejaa sifa, nami nazipenda. Hata hivyo waumini wanaoimba ushindi tu kila Jumapili hukosa maneno ya kumwambia Mungu siku ya Jumatano mambo yanapoharibika.

Katika maisha ya kila siku, urithi wa Ignatius wa Loyola umenisaidia kuwasaidia wengine. Alikuwa askari, akavunjwa mguu kwa mzinga kule Pamplona mwaka 1521, na akiwa kitandani akaanza kuchunguza mienendo ya moyo wake: fikra ipi ikipita inamwachia amani, ipi inamwachia ukavu. Baadaye aliwafundisha watu kuipitia siku mbele za Mungu, wapi walishukuru na wapi moyo ulikauka. Akaongeza kanuni ambayo ningetamani kila Mkristo aijue: wakati wa ukiwa wa roho, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na amani. Usiandike barua ya kujiuzulu usiku wa manane. Usiivunje ndoa ukiwa hujalala siku tatu. Kula, lala, zungumza na mtu, ndipo uamue.

Yapo mambo yasiyoishia kwenye mkate na usingizi. Mtu akikosa furaha, au akipoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, huku usingizi, hamu ya kula na nguvu zikivurugika, apelekwe hospitali. Sonona ni ugonjwa unaotibika kwa ushauri nasaha na dawa, na maombi hayapungui thamani yakiandamana na vidonge. Akizungumzia kufa, usimwache peke yake hata saa moja. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua kunapingana na Katiba. Eliya aliomba kufa, akaletewa chakula. Kanisa lilipaswa kuwa la kwanza kusema kwamba mtu kama huyo hashtakiwi, kabla ya majaji.

Nawaza pia juu ya wachungaji, mapadre, wainjilisti na wake wa wachungaji, kwa sababu aliyekuwa chini ya mretemu alikuwa mtumishi aliyetoka kufanikiwa. Miongoni mwa maagizo ya Horebu alipewa Elisha, na Elisha akamfuata na kumhudumia. Baadaye, kutoka Gilgali hadi Betheli, Yeriko na Yordani, Eliya alimwambia abaki nyuma mara tatu, naye mara tatu alikataa. Baraza la wazee linalopanga ratiba ya mwaka liandike ndani yake likizo ya mchungaji, siku yake ya kupumzika kila wiki, na jina la mtu atakayemtembelea bila ajenda. Na mchungaji akisema hahitaji, wazee wasikubali upesi.