Ziara fupi ya Milan huanza na kalenda, si hoteli

MGENI anayepanga kukaa Milan kwa siku mbili au tatu aghalabu huanza kwa kutafuta hoteli, kisha ndege, na mengine huyaacha yajipange yenyewe atakapofika. Katika miji mingi ya Italia mpango kama huo haumdhuru mtu. Milan humgharimu.

Jiji hilo la kaskazini mwa Italia, lenye wakazi wapatao milioni 1.4, si kama Roma ambako magofu ya kale yamesimama kando ya barabara na kila apitaye huyaona. Milan ni jiji la kazi. Ndiko liliko soko la hisa la nchi hiyo, na ndiko wakuu wa biashara ya mavazi walikoweka makao. Mengi ya mazuri yake yamo nyuma ya kuta, na hufunguliwa kwa saa maalumu kwa watu waliohesabiwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo da Vinci. Leonardo aliuchora kati ya mwaka wa 1495 na 1498 hivi, kwenye ukuta wa bwalo la watawa wa Kidominiko kando ya kanisa la Santa Maria delle Grazie, kwa agizo la Ludovico Sforza aliyekuwa mtawala wa Milan.

Wachoraji wa ukutani wa zama hizo walipaka rangi juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi, ili rangi na ukuta vikauke pamoja. Njia hiyo hutaka mkono mwepesi kwani lipu haimngoji mtu. Leonardo hakuwa mtu wa pupa. Alipenda kuacha kazi, kutafakari na kurudi kurekebisha, hivyo akaamua kupaka ukuta uliokwisha kukauka. Matokeo yake ni kwamba rangi haikushika barabara, na ilianza kubanduka yeye mwenyewe akiwa bado hai.

Isitoshe, mnamo Agosti 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, mabomu yaliyoangushwa na ndege za Washirika yalibomoa sehemu kubwa ya bwalo hilo. Ukuta wenye mchoro, uliokuwa umekingwa kwa magunia ya mchanga, ulisalia umesimama. Ukarabati mkubwa wa mwisho ulianza mwaka wa 1978 na haukukamilika hadi 1999.

Kutokana na udhaifu huo, unyevu wa pumzi za watu na vumbi la nguo zao ni adui wa mchoro. Wageni huingizwa kwa makundi madogo, wakapitishwa kwenye vyumba ambako hewa huchujwa, kisha hupewa dakika 15 tu. Siku ya Jumatatu bwalo hufungwa. Tiketi hutolewa kwa awamu, kila awamu ikihusu miezi kadhaa ijayo, na zile za mwisho wa wiki huweza kumalizika muda mfupi baada ya kutolewa. Anayezikosa hubaki kutegemea mawakala wanaouza ziara za kuongozwa kwa bei ya juu zaidi.

Ndiyo maana mpangaji makini huanza na tiketi hiyo, kisha akaizungushia siku nyingine zote za safari. Hata viza ikichelewa, hasara ya tiketi ya makumbusho ni ndogo mno ikilinganishwa na nauli ya ndege iliyolipwa mapema.

Jambo la pili ni majira. Maonyesho ya mitindo ya mavazi ya kike hufanyika mwishoni mwa Februari na tena Septemba. Mwezi wa Aprili huja Salone del Mobile, maonyesho ya samani yaliyoanzishwa mwaka wa 1961 ambayo huwavuta wafanyabiashara kutoka pembe zote za dunia. Katika wiki hizo bei ya vyumba hupaa, na asiye na mwaliko hatafaidi lolote katika maonyesho ya mavazi, kwa kuwa si ya umma. Maonyesho ya Aprili ni afadhali kidogo, kwani mitaa mizima hugeuka kuwa kumbi na mengi huonekana bure.

Agosti nayo ina hila yake. Vyumba hupungua bei, lakini joto na unyevu wa bonde la mto Po huchosha. Wenyeji hukimbilia baharini na milimani, na mikahawa mingi ya familia hufungwa katikati ya mwezi, hasa karibu na sikukuu ya tarehe 15. Mei, mwanzo wa Juni na Oktoba ndizo nyakati zenye nafuu.

Kwa Mkenya, kalenda hiyo sharti ioanishwe na ile ya viza. Mwenye pasipoti ya Kenya huhitaji viza ya Schengen, na ombi huweza kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, ingawa unaweza kuchukua hadi siku 45 iwapo maafisa watataka kuchunguza zaidi. Ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ombi likikataliwa.

Mwombaji hutakiwa kuonyesha pa kulala, taarifa za benki, sababu ya kurejea nyumbani na bima ya usafiri ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Pindi anapotaka kuzuru nchi kadhaa, ombi hupelekwa kwa ubalozi wa ile atakayokaa kwa siku nyingi zaidi. Ni busara kuchukua hoteli inayokubali kufutwa bila malipo, na kutolipia tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla pasipoti haijagongwa viza.

Ndege zipo za moja kwa moja kati ya Milan na Mombasa, lakini hizo huletwa na watalii wa Kiitaliano wanaoelekea Watamu na Malindi, na ratiba zake huwafaa wao kwanza. Kutoka Nairobi wasafiri wengi huunganisha Addis Ababa, Cairo, Istanbul, Doha au Dubai na kutua Malpensa, uwanja ulio umbali wa kilomita 50 hivi kutoka katikati ya jiji. Teksi kutoka hapo huzidi euro 100. Treni hufika mjini kwa chini ya saa moja, kwa sehemu ndogo ya bei hiyo.

Anayetoka mji mwingine wa Ulaya kwa ndege ya bei nafuu na atazame vyema jina la uwanja. Tiketi zinazouzwa kwa jina la Milan mara nyingi huishia Orio al Serio, ulio karibu na Bergamo, mji mwingine kabisa. Linate ndio ulio karibu, na tangu 2022 umeunganishwa na treni za chini ya ardhi.

Akishafika, mgeni hahitaji gari. Treni za chini ya ardhi na tramu hufika karibu kila mahali, na sehemu ya kale ya jiji hutembelewa kwa miguu. Jumatatu ndiyo siku ya kuchunga. Pamoja na bwalo la Karamu ya Mwisho, hufungwa pia makumbusho ya picha ya Brera, pamoja na yale ya Kasri la Sforza ambako imehifadhiwa sanamu ya mwisho ya Michelangelo, aliyokuwa akiichonga hadi siku chache kabla ya kufariki mwaka wa 1564. Siku hiyo basi huachiwa kanisa kuu, Duomo.

Ujenzi wa Duomo ulianza mwaka wa 1386, na lango la mwisho likawekwa 1965. Hadi leo watu wa Milan wakitaka kusema kazi haiishi huifananisha na ujenzi wa kanisa hilo. Marumaru yake meupe yenye rangi ya waridi kwa mbali yalichimbwa Candoglia, karibu na ziwa Maggiore, yakasafirishwa kwa mashua kupitia mifereji hadi mjini. Mingi ya mifereji hiyo ilifunikwa karne iliyopita, lakini miwili mikubwa ingalipo kusini mwa jiji katika mtaa wa Navigli, ambako watu hukusanyika jioni.

Ndani ya Duomo ni kukubwa na kwenye giza la heshima. Mabega na magoti sharti yafunikwe. Hata hivyo, kinachopita vyote ni paa. Mgeni hupanda kwa ngazi, au kwa lifti akiongeza malipo, kisha hutembea katikati ya minara na sanamu, na siku isiyo na ukungu huona milima ya Alps yenye theluji. Juu kabisa, mita 108.5 kutoka ardhini, imesimama sanamu iliyopakwa dhahabu ya Bikira Maria iliyowekwa mwaka wa 1774.

Kando ya uwanja wa Duomo ni Galleria Vittorio Emanuele II, njia ya maduka iliyofunikwa kwa paa la chuma na vioo. Msanifu wake, Giuseppe Mengoni, alianguka kutoka jukwaa la ujenzi akafa mwishoni mwa mwaka wa 1877, kazi ikikaribia kukamilika. Humo ndimo duka la kwanza la Prada lilimofunguliwa mwaka wa 1913. Kuingia ni bure.

Sifa ya Milan katika mavazi si ya kale sana. Katika miaka ya 1950 wanunuzi wa kigeni walikwenda Florence kutazama mavazi ya Kiitaliano. Ilipofika miaka ya 1970, wabunifu walihamia Milan kwa sababu ambayo fundi cherehani yeyote angeielewa: huko ndiko kulikokuwa karibu na viwanda vya nguo, hariri ya Como, magazeti ya mitindo na benki. Giorgio Armani, aliyeanzisha kampuni yake jijini humo mwaka wa 1975, alifariki Septemba 2025 akiwa na umri wa miaka 91.

Maduka ya fahari yamejazana katika mitaa michache kati ya Via Montenapoleone na Via della Spiga. Mwaka wa 2024 ripoti ya kampuni ya Cushman & Wakefield iliitaja Via Montenapoleone kuwa barabara yenye kodi ghali zaidi ya maduka duniani. Wachache hununua huko. Lakini mwenda bure si mkaa bure, na madirisha ya maduka hayo hupambwa kwa ustadi unaostahili saa nzima ya kutembea.

Anayetaka kununua kwa dhati angoje misimu ya punguzo, inayoanza mapema Januari na mapema Julai. Mkazi wa nje ya Umoja wa Ulaya huweza kurudishiwa sehemu ya ushuru wa thamani iwapo atatumia zaidi ya euro 70 katika duka moja, kiwango kilichoshushwa Februari 2024 kutoka euro 154.94. Aombe fomu dukani akiwa na pasipoti, na athibitishiwe katika uwanja wa ndege kabla ya kupakia mizigo. Bidhaa bandia zinazotandazwa kando ya barabara ni za kuepukwa, kwani sheria ya Italia humtoza faini hata mnunuzi.

Kuhusu chakula, wali wa Milan hupikwa kwa zafarani na siagi, na mpishi wa Pwani ataitambua rangi yake mara moja. Asiyekula nguruwe akumbuke neno maiale. Kahawa inayonywewa kwa kusimama kaunta huwa nafuu kuliko ya mezani, na euro chache za coperto zinazoonekana kwenye bili si ulaghai bali ni malipo ya kawaida ya kiti na mkate.

Shabiki wa soka naye ana lake. Uwanja wa San Siro, uliofunguliwa mwaka wa 1926, hutumiwa na AC Milan na Inter. Mkenya MacDonald Mariga alijiunga na Inter mapema mwaka wa 2010 akitoka Parma, na miezi michache baadaye klabu hiyo ikatwaa ligi ya Italia, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa. Mwishoni mwa Septemba 2025 madiwani wa jiji waliidhinisha uwanja huo uuzwe kwa klabu hizo mbili, zinazonuia kujenga mwingine kando yake na kubomoa sehemu kubwa ya wa sasa. Treni ya chini ya ardhi ya laini ya M5 humfikisha mgeni hadi langoni.