Je, Mwanangu Atatembea?

Mtoto azaliwapo na mgongo wazi, hilo ndilo swali la kwanza la mama. Jawabu halimo katika ukubwa wa uvimbe, bali katika misuli ya miguu. Kwa hivyo katika hospitali za rufaa, kama ile ya Moi mjini Eldoret, mtoto hupimwa msuli baada ya msuli.

Mishipa ya fahamu ya kiunoni imepangwa kwa daraja. Ya juu huinua paja. Inayofuata hunyoosha goti. Chini yake ni ile inayoinua wayo. Na ya mwisho humwezesha mtu kusimama kwa ncha za vidole. Palipo na jeraha, mishipa ya hapo na ya chini yake ndiyo hudhoofika.

Nguvu hupimwa kwa alama 0 hadi 5. Sufuri, msuli hautikisiki. 3, huinua kiungo bila msaada. 5, nguvu kamili. Mtoto awezaye kunyoosha goti kwa nguvu ana matumaini makubwa ya kutembea, ijapokuwa kwa vyuma vya miguu.

Mama, usimfiche mwanao: haya si jicho la hasidi wala si kosa lako. Mkumbushe tabibu kuandika alama hizo kila mwendapo. Na mguu uliokuwa ukirusha teke ukianza kulegea, mrudishe hospitali upesi, kwani huenda uti wa mgongo umenasa, na kuchelewa huweza kupoteza nguvu zisizorudi.